Hesabu Niliyoifanya Siku ya Bamvua

Wadogo zangu wa ofisini, siku mliponiaga kwa soda na biskuti mliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta, na namna tulivyozuia matumizi ya serikali yasipande wakati ule kila mtu pwani hii anaimba gesi. Nikasema nitaandika, maana mtu akishapewa soda hukubali lolote. Sasa ni mwezi wa tatu nimekaa na karatasi. Kila nikianza najikuta naandika habari za mashine ya kujumlisha, habari nzuri isiyomuumiza mtu, kisha naweka kalamu chini. Leo nitaandika ya mashine, na nitaandika na lile lililonikwamisha miezi mitatu. Vyeo na mishahara msivitafute humu. Ofisi yenyewe sitaitaja. Ni moja tu ya ofisi za serikali hapa ghuba ya Tungue, na wanaoijua wanaijua.

Siku ya kwanza nilifika na suruali nyeusi aliyoipiga pasi ya mkaa mama yangu mdogo, Bi Somoe, mpaka mkunjo ukasimama kama umeshonwa. Huyu Bi Somoe ni mdogo wake mama yangu. Ndiye aliyenilea miaka miwili mama alipougua, kule kwetu Mtandi, kijiji cha rasi ya Afungi ambacho leo hakipo. Mshike jina lake, maana haya yote yataishia kwake.

Mkuu wangu alikuwa Sinyori Anselmo, mtu wa Inhambane huko kusini, aliyeletwa huku na serikali na hakuacha kulalamika juu ya joto mpaka alipostaafu. Miaka yote ile Kiswahili alijifunza maneno mawili, "karibu" na "hapana", na kwa kazi yetu la pili lilimtosha. Wiki ya kwanza hakunipa kazi yoyote ila kuchonga penseli. Nyeusi ya kuandikia, nyekundu ya ukomo. Nikichonga vibaya anaivunja ncha mbele yangu, ananirudishia, anaendelea kunywa kahawa yake. Nilimchukia siku sita. Ya saba akanionyesha daftari.

Daftari lile lilikuwa pana kuliko meza. Kila mwaka mkoa unatuletea karatasi yenye mafungu ya matumizi: mafuta ya magari, karatasi na wino, safari, wageni, posho za wasioajiriwa. Sisi tunayaita rubrika, wenzetu ng'ambo ya Ruvuma wanayaita kasma, na mimi nitaandika kasma kwa kuwa ni fupi. Mbele ya kila kasma kuna ukomo. Sinyori Anselmo aliuandika kwa penseli nyekundu juu kabisa ya ukurasa, na chini yake tukashuka na penseli nyeusi mwezi hata mwezi. Tukiukaribia wekundu, tunaanza kukataa. Mashine ya kujumlisha ilikuwa ya mkono, unavuta wenzo inalia krrr, na ilipenda kugoma mwezi wa kumi na mbili, wakati kila mtu anataka kumaliza alichobakiza.

Tulikuwa na mihuri miwili. Karatasi yoyote ya kutaka kununua kitu lazima ipite kwetu kwanza, tuangalie kama kasma yake bado ina nafasi. Muhuri mmoja ulisema ina nafasi, wa pili ulisema haina. Ule wa pili ulibadilishwa mpira mara mbili kwa kulika, na wa kwanza mpaka naondoka bado unang'aa. Watu walituona wabaya. Nilishawahi kunyimwa salamu na mganga mkuu wiki nzima kwa sababu ya mapazia. Sikuumia. Mtu anayepiga muhuri wa kukataa akitaka kupendwa na watu, ameshika kazi isiyo yake.

Lakini Sinyori Anselmo alikuwa na sharti moja, na hili ndilo nataka mlishike kuliko penseli. Hakukata kasma ya kitu bila kwenda kukiona kwa macho yake. Mara moja tulikuta kwenye orodha walinzi wawili wa ghala. Mimi nikasema ghala ni mali ya serikali, lazima lilindwe. Akapanda baiskeli, nami nyuma yake na yangu, mpaka huko. Tukakuta walinzi wawili, waungwana, wamekaa kwenye viti, wanalinda msingi. Ghala lenyewe lilianguka masika mawili nyuma. Tukakata. Mara nyingine nilikuwa nimeshaandika kumwondoa mpishi wa bweni la wanafunzi, akanipeleka tukamkuta anapikia watoto wengi kwa sufuria moja iliyotoboka na kuzibwa kwa unga. Hatukukata, tukaongeza sufuria. Njiani kurudi akaniambia kwa Kireno chake cha taratibu kwamba tarakimu haina uso, na anayekata lazima aende kuutafuta.

Akastaafu, akarudi kwao, nikakaa kwenye kiti chake na mashine yake na sharti lake.

Ndipo gesi ikaja. Yaani gesi haikuja, habari yake ndiyo iliyokuja. Tukasikia chini ya bahari yetu kuna gesi nyingi, meli za taa zikaonekana huko nje, na mji ukajaa watu wenye viatu vizito. Kinyozi akapandisha bei kwa sababu ya gesi. Mwenye nyumba yangu akapandisha kodi kwa sababu ya gesi, na nyumba yenyewe inavuja kama kawaida. Na ofisini wakuu wote wakaleta maombi: magari, viti vya kuzunguka, makarani zaidi, jengo la ghorofa. Hoja yao ilikuwa ileile, kwamba sisi sasa ni matajiri.

Kutoka juu ukaja waraka. Ulisema, kwa ufupi, gesi bado si fedha. Itakuwa fedha baada ya miaka, na huenda ikachelewa. Kwa hiyo hakuna ofisi kuongeza matumizi yake juu ya ukomo wa mwaka uliopita. Waraka ule niliusoma mara mbili nikafurahi. Nawaambieni ulikuwa wa haki, na mpaka leo sijabadili mawazo. Ukimwajiri karani leo kwa matumaini ya gesi, atataka mshahara mwisho wa mwezi huu, si mwisho wa gesi. Serikali ikishapanda haishuki kirahisi. Kwa hiyo aibu yangu msiitafute kwenye ukomo. Iko chini yake, mahali nilipochagua kukata.

Maana kulikuwa na wageni. Kila wiki ujumbe: wa mkoa, wa taifa, wa nchi za nje, wote wanataka kuiona Afungi. Wageni wanakula, wanakunywa maji ya chupa, wanakaa kwenye viti vya kukodi chini ya mahema ya kukodi, na msafara wao unakunywa mafuta kuliko wao wanavyokunywa maji. Kasma ya wageni ilifika kwenye wekundu kabla ya nusu ya mwaka. Ukomo wa jumla haupandi. Basi kasma moja ikivimba, nyingine lazima isinyae. Nikapitisha kidole kwenye daftari. Mishahara, sheria inakataza. Mafuta, ya mkuu wa ofisi nzima. Simu, hakuna aliyethubutu hata kuitaja. Kidole kikafika chini kabisa, kwenye posho za walimu wa watu wazima.

Walikuwa walimu kumi na mmoja wa vijijini, wanafundisha kusoma na kuandika kwa Kireno. Kwenye makaratasi waliitwa wa kujitolea, hawana mkataba, wanapata posho ya kununulia sabuni na labda nusu gunia la mchele. Kumwondoa mtu kama huyo hakuhitaji barua wala sahihi ya mtu yeyote. Mkuu hakuwa ameiona kasma ile, naapa. Mimi ndiye niliyeiona, na mimi ndiye niliyenyoosha mkono kikaoni. Nikasema tufunge madarasa yenye wanafunzi wasiofika kumi na watano, na kwamba mimi mwenyewe nitakwenda kuhesabu, darasa kwa darasa. Mkuu akawageukia wenzangu akasema Saidi anajua kazi. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikanunua pweza njiani, nikala nikalala.

Mkiwa mnatafuta pa kukata, wadogo zangu, jiulizeni kwa nini kidole chenu kimesimama pale kiliposimama. Changu kilisimama kwa watu ambao hawakuwa na namna ya kufika mlangoni kwetu kupiga kelele. Niliita hiyo ni kubana matumizi.

Darasa kubwa kuliko yote lilikuwa la kwetu Mtandi. Mwalimu wake Zainabu, binti wa fundi cherehani, alifundishia kwenye baraza la chuo cha Kurani kwa ruhusa ya mwalimu wa chuo. Ubao wake ulikuwa kipande cha mbao alichokipaka weusi wa betri uliosagwa na majani ya muhogo. Mwezi mmoja kabla ya ule ukaguzi alikuja ofisini kwa miguu na lori kuomba chaki, nikampigia ule muhuri wa pili, akashukuru, akaondoka. Wanafunzi wake karibu wote walikuwa wanawake, mama yangu mdogo akiwemo. Bi Somoe alikuwa ameshajua kuandika jina lake, na kila nikienda kumwamkia ananiandikia mchangani kwa kijiti, kisha ananiangalia. Alikuwa na minazi yake kando ya mkondo, aliyoachiwa na baba yake, babu yangu. Aliniambia darasani sasa wanaingia kwenye hesabu za safu, namna ya kusoma orodha: hapa idadi, hapa aina.

Nilivyokuwa nikilisimulia tukio la ukaguzi ule miaka yote, kwa wenzangu na kwa mkuu na hata kwa mke wangu, ni hivi. Nilifika Mtandi kuhesabu, kwa bahati mbaya siku yenyewe ikawa bamvua, maji yamekupwa mbali, wanawake wote wako mwambani wanaokota kombe na kutafuta pweza. Nikakuta darasani watu saba. Kanuni ni kanuni, nikaandika saba. Watu husikitika, husema bahati mbaya kweli, na mimi huitikia.

Haikuwa bahati. Ofisini ukutani tulikuwa na kalenda ya duka yenye miezi imechorwa, mpevu na mwandamo. Nilisimama mbele yake nikahesabu kwa kidole. Mimi ni mtoto wa Mtandi. Nimezaliwa nikijua kwamba siku ya pili baada ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi, hubaki kijijini wagonjwa, wazazi wenye watoto wachanga na vikongwe. Karani aliyeletwa kutoka kusini angeweza kukosea siku ile, angesamehewa. Nikaichagua siku hiyo, nikaandika kwenye ratiba, nikaomba pikipiki.

Mtaniuliza kwa nini nilifanya hilo kwetu. Nimejiuliza sana. Madarasa mengine dhaifu nilikuwa nimeshayapata matano, na yangetosha kwa wageni wa mwaka ule. Lakini nilisikia ofisini wenzangu wawili wakinong'ona kwamba tutaona kama Saidi atakata na kwao. Nikataka waone. Nilitaka niitwe mtu asiyependelea nyumbani, na kwa ajili ya jina hilo nikawapokonya watu wa nyumbani haki yao. Hata leo nikiandika sentensi hii mkono unataka kuiruka.

Zainabu alinipokea vizuri, akanipa kiti. Aliponiona natoa karatasi akaelewa. Akasema, "Chefi, leo bamvua, na wewe unajua. Njoo Jumatatu utawakuta zaidi ya thelathini."

Nikamjibu, "Mimi naandika ninachokiona."

Akageuka, akaendelea kuwaandikia wale saba ubaoni. Nami nikatoka nje nikasimama mchangani, kwa sababu sharti la Sinyori Anselmo lilisema nione kwa macho. Mwamba wote umejaa wanawake wameinama na vikapu, kapulana, kanga zetu za huku, zimefungwa juu ya magoti. Baadhi wakanitambua wakanipungia, nikawapungia. Kisha nikapanda pikipiki. Niliutumia mfano wa yule mzee kuficha uovu wangu, maana kwenye ripoti niliandika kabisa: mkaguzi amefika mwenyewe na kujionea.

Darasa likafungwa. Mwisho wa mwaka ofisi yetu ikatajwa kuwa miongoni mwa zilizoheshimu ukomo, ikaletwa barua ya pongezi, nikaiweka kwenye fremu. Mliikuta ukutani. Tulichookoa kwa kulifunga darasa la Mtandi mwaka mzima hakikutosha kukodi viti na mahema ya ujumbe mmoja. Najua kwa sababu hesabu zote mbili niliziandika mimi, kwa penseli ileile, na nilipoziona zimeandikwa jirani nikageuza ukurasa.

Miaka miwili baadaye watu wa mradi wa gesi wakafika Mtandi na orodha. Kijiji kilikuwa kinahamishwa. Kila kaya iliandikiwa karatasi yake: nyumba, kisima, miti. Nilitumwa mimi kwa kuwa naijua lugha na watu, nikae mezani na kidau cha wino, wasiojua kuandika waweke kidole gumba, nami nisaini kama shahidi. Tangu asubuhi foleni ilifika kisimani. Wageni walikuwa wamewekewa chakula chini ya hema, na ile kasma nilijua mwenyewe ilivyopatikana.

Zainabu alikuja mapema na karatasi ya baba yake. Aliisoma kwa kusimama, akasema mikorosho imeandikwa michache, na kimoja cha vyumba hakimo. Hawakubishana naye. Walirekebisha palepale kwa kalamu, wakaweka sahihi pembeni, shughuli ya dakika tano.

Zamu ya Bi Somoe ikafika. Alikuwa amevaa kapulana mpya. Akakaa, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaiangalia muda mrefu. Tarakimu alizitambua baadhi, lakini zile safu, hapa idadi, hapa aina, darasa lilifungwa kabla hajafika huko. Akanigeukia.

"Saidi, mwanangu, minazi yangu imo yote?"

Nikatupa jicho. Nikaona jina lake, nikaona neno la minazi, nikaona idadi ni ile ninayoijua tangu utoto. Watu nyuma yake wanasukumana, jua kali, na mmoja wa wageni anaangalia saa.

"Imo yote, mama. Weka kidole."

Akaweka. Akajifuta wino kwenye nguzo ya hema, nami nikasaini chini ya kidole chake.

Idadi ilikuwa sahihi. Safu ndiyo haikuwa. Aliyeandika, sijui nani, labda kwa joto au kwa haraka, aliiweka minazi yake yote kwenye safu ya miche, na miche ililipiwa kidogo sana. Minazi iliyokuwa ikizaa tangu uhai wa babu yangu ikahesabiwa kama imepandwa juzi. Tulijua siku malipo yalipotangazwa. Mama mdogo alikuwa ameshazungumza na mtu wa kijiji cha Olumbi juu ya kipande cha shamba chenye minazi, jirani na binti yake. Kile alichopewa hakikufika hata nusu ya bei.

Nilikwenda kulalamika. Nilivaa suruali nzuri, nikachukua na barua ya utambulisho. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu sana, akafungua jalada, akanigeuzia. "Baba, hapa kuna kidole chake," akasema, "na hapa kuna sahihi ya shahidi." Kisha akaisoma ile sahihi, akaniangalia usoni, akaona haya kwa niaba yangu. Miti yenyewe ilikuwa imeshang'olewa, hakuna tena cha kwenda kukiona kwa macho. Nikarudi nyumbani. Maisha yangu yote niliwaambia watu haina nafasi, na siku ile niliambiwa mimi, kwa upole kuliko nilivyowaambia wao.

Sasa Bi Somoe anakaa kwenye nyumba ya saruji ya kijiji kipya, yenye bomba uani. Ni nyumba nzuri, yeye mwenyewe husema. Nazi ananunua sokoni, mwanamke ambaye wageni wake hawakuwahi kuondoka kwake mikono mitupu. Kwangu hakusema neno la lawama hata siku moja. Alidhani nilikosea kwa haraka, kama yule aliyeandika, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Nimefika kwenye kustaafu. Mtu akishaacha kazi, serikali inamtaka kila mwaka alete karatasi ya kuthibitisha kwamba bado yu hai, yenye sahihi za watu wawili wanaomjua. Wengi wetu hucheka, lakini mimi karatasi ya namna hiyo naielewa. Ningekuwa pale mezani ningeidai pia. Sahihi ya kwanza nilipata kwa jirani. Ya pili nikampelekea mama mdogo. Mfukoni nilikuwa na kidau cha wino, kwa mazoea tu.

Nilimkuta barazani anakuna nazi. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza shida yangu, nikatoa karatasi na kile kidau. Akakiangalia kidau. Akakisogeza pembeni kwa nyuma ya mkono, akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na miwani imefungwa uzi na kalamu. Sikujua. Kumbe Zainabu hakuacha. Posho ilipokatwa alihamishia darasa alasiri, kwa wale walioweza, bila sabuni wala mchele, na kijiji kilipohama alihama nalo, na huko ndiko mama mdogo aliporudi darasani. Mwaka huu wamefika kwenye barua.

Akaiweka karatasi yangu juu ya ubao wa mbuzi, akaanza mstari wa kwanza, kidole chini ya kila neno, Kireno cha ofisini kinachomchosha hata mkuu wa posta. Nilimtazama akisoma jina langu na jina la baba yangu. Nikaona siwezi tena. Nikamwambia. Nilimwambia juu ya wageni na kasma, juu ya wenzangu waliokuwa wakinong'ona, na ile kalenda ya ukutani. Nikasema, "Mama, siku ile ya kuhesabu sikukosea. Niliichagua mwenyewe bamvua, ili nisiwakute."

Kidole chake kikasimama. Hakuinua kichwa.

"Sisi tulikuona," akasema. "Wenzangu walitaka kukimbia kurudi darasani. Mimi ndiye niliyewazuia. Tulikupungia ukatupungia, nikawaambia okoteni tu, mwanangu keshatuhesabu."

Nilitamani anitukane. Niliona aibu mbele yake, na mbele ya yule mzee wa Inhambane, na mbele ya wale walinzi wawili wa msingi, ambao angalau walikuwa wakikaa kwenye viti vyao mchana kweupe. Nikanyoosha mkono nichukue karatasi, nikasema nitatafuta mtu mwingine wa kunisainia.

Akaishika kwa kiganja. "Ngoja," akasema. "Sijamaliza kusoma."

Nikangoja. Ilichukua muda mrefu, kwa kuwa alirudia mistari miwili, akaniuliza na maana ya neno moja, nikamwambia. Alipofika mwisho akarudi juu akahakikisha jina ni langu, kisha akaandika lake, herufi moja moja, mpaka ya mwisho.